Presha ya Boila Nyumbani Uingereza: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila Oktoba, baridi inapoanza kuuma, ujumbe huwa uleule: picha ya geji ya mviringo, sindano imelala kwenye sifuri, na chini yake neno moja, "Msaada!" Wengi wetu tulikulia kwenye joto. Rejeta tuliyoijua ilikuwa ya gari, na maji ya moto yalitoka jikoni kwenye sufuria. Ukifika Leicester au Milton Keynes unakabidhiwa funguo za nyumba yenye sanduku jeupe ukutani, na hakuna anayekwambia kwamba sanduku hilo lina presha inayotakiwa kuangaliwa.

## Mambo ya msingi

Boila yangu ni ya aina gani? Maelezo haya yananihusu?

Yanakuhusu ikiwa boila yako ni kombi (siyo ile ya kubebea abiria). Hiyo ni boila ya gesi iliyotundikwa ukutani, mara nyingi jikoni au kabatini, inayopasha rejeta za nyumba nzima (yale mabamba ya chuma yanayotia joto vyumbani) na kuchemsha maji ya bomba papo hapo unapofungua. Yanakuhusu pia ikiwa una boila yenye silinda kubwa ya maji ya moto kabatini, mradi tu kuna geji ya presha mahali fulani.

Nyumba za zamani huwa na mfumo wa wazi: tangi dogo darini linajazia rejeta lenyewe kwa mteremko, na boya linafunga maji likishajaa. Huko hakuna geji wala presha ya kujaza. Kama hiyo ndiyo yako, rejeta zikiwa baridi tatizo litafute kwingine.

Presha hii ni ya nini hasa, mbona maji ya bombani yanatoka kwa nguvu?

Kwa sababu ni maji mawili tofauti. Ndani ya rejeta na mabomba yake kuna maji yaliyofungiwa ambayo huzunguka muda wote: pampu inayasukuma, moto unayapasha, yanapita kwenye rejeta, yanarudi. Hayanywewi, na hayatakiwi kutoka nje. Maji ya bombani yanatoka kampuni ya maji, yanapita ndani ya boila upande wa pili wa bamba la chuma, yanachukua joto na kwenda zake bafuni.

Geji inapima yale yaliyofungiwa tu. Basi kama shida yako ni bafu linalotoa maji kidogo, kujaza boila hakutakusaidia chochote. Nimeona mtu akipandisha hadi 2.5 kwa matumaini hayo.

Sindano inatakiwa isome ngapi?

Boila ikiwa imepoa, kati ya bar 1 na 1.5. Ikiwa inawaka, itasogea hadi karibu na 2. Soma asubuhi kabla haijawaka, au saa chache baada ya kuizima. Namba ya boila ya moto inadanganya.

Bar 1 ni sawa na uzito wa maji yaliyosimama kwa kimo cha mita 10. Aliyewahi kuweka simtank juu ya mnara anaielewa hesabu hii: kadiri tangi linavyoinuliwa ndivyo bomba la chini linavyopata nguvu. Hapa tunaigeuza. Boila iko jikoni, rejeta ya juu kabisa iko labda mita 5 juu yake, kwa hiyo nusu bar inatumika kuyafikisha maji huko tu. Kinachobaki ni akiba. Nyumba ya orofa tatu au nne yenye boila chini kabisa huhitaji zaidi, na kitabu cha boila ndicho cha kufuatwa.

Kuna geji zenye sindano mbili. Nyekundu ni alama iliyowekwa na fundi kwa mkono, nayo haisogei. Watu wengi wameiangalia hiyo miezi mitatu wakijisifu kwamba presha yao haitikisiki.

Mbona inapanda nikiwasha, na mimi sijaongeza maji?

Maji yakipata moto huvimba. Sufuria iliyojazwa hadi mdomoni humwagika kabla haijachemka, na sababu ni hiyo. Nyumba yenye lita 100 za maji kwenye rejeta zake, yakitoka nyuzi 10 hadi 80 za Selsiasi, huzaa karibu lita 3 za ziada, na mfumo umefungwa.

Lita hizo zinapokewa na tungi la upanuzi, ambalo kwa kombi limefichwa ndani au nyuma ya boila. Katikati lina utando wa mpira: upande mmoja maji, upande mwingine upepo uliojazwa kwa valvu kama ya tairi. Maji yakivimba yanausukuma mpira, upepo unabanwa, sindano inapanda kidogo. Likumbuke tungi hili. Baadhi ya maswali yaliyo huko chini yanalihusu.

Presha ikiwa mbaya, boila inaweza kulipuka?

Ikishuka sana, karibu na nusu bar au chini yake, boila za kisasa hujizima zenyewe na kuonyesha namba ya hitilafu. Boila za Vaillant huandika F22, za Ideal Logic huandika F1. Ikipanda hadi bar 3, valvu ya usalama hufunguka na kumwaga maji nje ya nyumba. Kwa hiyo hapana, sindano siyo ya kukunyima usingizi.

Hatari ya boila iko kwenye gesi na moshi wake. Ukisikia harufu ya gesi, usiguse swichi wala kiberiti, fungua madirisha, funga koki iliyo kwenye mita ya gesi, toka nje, kisha piga 0800 111 999, usiku au mchana. Na uwe na king'ora cha kaboni monoksidi, maana hewa hiyo haina harufu.

## Kujaza

Naruhusiwa kujaza mwenyewe?

Ndiyo. Kujaza maji na kutoa upepo kwenye rejeta ni kazi za mwenye nyumba, kwa sababu hugusi gesi wala hufungui kifuniko cha boila. Kifuniko kikitakiwa kufunguliwa, mwite fundi aliyesajiliwa Gas Safe Register, rejista ya mafundi wa gesi iliyochukua nafasi ya ile ya zamani ya CORGI tarehe 1 Aprili 2009. Mwombe kitambulisho, kisha kigeuze: nyuma ndipo panapoandikwa kazi anazoruhusiwa. Fundi mzuri haoni haya kuulizwa.

Haya, najazaje?

Izime, iache ipoe. Inama chini ya boila utafute mpira mfupi uliosukwa kwa nyuzi za chuma, wenye koki kila upande. Ndio wa kujazia. Wakati mwingine fundi ameuvua na kuuacha juu ya boila au kwenye droo. Ukiwa haupo mahali pake, ufunge pande zote mbili, ukaze kwa mkono, halafu robo mzunguko kwa spana.

Koki zina mkono mdogo au mfuo wa bisbisi. Ukilala sambamba na bomba, iko wazi, ukikatiza, imefungwa. Fungua ya kwanza yote. Fungua ya pili polepole, kama anayemimina chai kwenye kikombe kilichokaribia kujaa. Utasikia maji yakipita. Macho kwenye sindano, siyo kwenye simu. Ikifika 1.2 au 1.3, funga zote mbili, kisha washa boila, na kama bado inaonyesha namba ya hitilafu bonyeza kitufe cha kuanzisha upya.

Mpira wenyewe uvue ukimaliza, weka bakuli chini kwa matone machache, na urudishe vifuniko vya koki. Kanuni za maji za hapa zinataka hivyo ili maji machafu ya rejeta yasipate njia ya kurudi kwenye maji ya kunywa. Nina sababu nyingine: mpira ulioachwa ndio unaoleta lile tatizo la presha inayopanda yenyewe, ambalo liko chini.

Boila nyingine hazina mpira wa nje. Baadhi ya boila za Worcester hutumia ufunguo wa plastiki unaochomekwa chini na kuzungushwa, nyingine zina mkono wa kuvuta. Kanuni ni ileile: polepole, macho kwenye geji.

Nimezidisha, sasa iko 2.8. Nifanye nini?

Hakikisha kwanza koki zote mbili zimefungwa kweli, la sivyo unateka maji kwa pakacha. Chukua ufunguo mdogo wa rejeta (duka lolote la vifaa linao), kikombe na kitambaa. Nenda rejeta ya chini, ikiwa baridi, legeza ile skrubu ya juu nusu mzunguko kinyume na saa, kinga maji. Kikombe kimoja kimoja, ukirudi kuangalia sindano. Maji yakitoka meusi usishtuke, ila yashike akilini.

Koki zote ziko wazi lakini sindano haisogei.

Kama husikii maji, kuna koki ambayo haijafunguka, au koki kuu ya nyumba imefungwa. Kama unasikia maji yakiingia dakika nzima na sindano bado imelala, funga upesi: ama geji imekufa, ama maji yanatokea mahali. Kagua dari na sakafu kabla ya kujaribu tena.

## Presha inayoshuka tena na tena

Kujaza mara ngapi ni kawaida?

Mara moja au mbili kwa mwaka. Kila mwezi ni dalili. Kila wiki ni ugonjwa.

Madereva wa nyumbani wanalijua hili kwa gari. Ukimwona mtu anajaza rejeta ya gari kila alfajiri kabla ya kuingia barabarani, humwambii gari lake zima kwa sababu linatembea. Boila nayo hivyohivyo, na ina ubaya wa ziada: maji mapya yanaingia na oksijeni, oksijeni inakula chuma cha rejeta, na ile dawa ya kuzuia kutu aliyoweka fundi inazidi kuwa nyepesi. Kutu hiyo hugeuka tope jeusi linalokaa chini ya rejeta na kuziba njia. Tone la wiki hii ndilo pampu iliyokwama baada ya miaka miwili.

Bandika kikaratasi ndani ya mlango wa kabati: tarehe, namba ya asubuhi, na kama umejaza. Mistari sita ya kikaratasi hicho itamsaidia fundi kuliko hadithi ya nusu saa.

Nimejaza jana, leo asubuhi iko sifuri. Maji yameenda wapi?

Hayakuyeyuka tu. Mfumo uliofungwa ukipungukiwa, maji yamepata tundu, na matundu yana makazi yake ya kawaida.

Anza na koki za rejeta, zile zilizo miguuni pake. Zishike zote kwa karatasi kavu ya chooni, hasa chini ya nati. Tafuta ukungu wa kijani au mweupe kwenye viungo vya shaba. Tone linalovuja kwenye bomba la moto hukauka kabla halijaanguka, likiacha rangi hiyo tu, ndiyo maana mtu huapa kwamba nyumba yake ni kavu kabisa. Angalia rejeta yenyewe upande wa chini, na zulia linalozunguka mguu wake.

Kisha toka nje. Karibu na usawa wa boila utaona bomba la shaba linalochungulia ukutani, mara nyingi limekunjwa kuelekea ukuta. Hilo ni la valvu ya usalama, na linatakiwa kuwa kavu muda wote. Funga mfuko mdogo wa nailoni mdomoni mwake kwa kamba, uache usiku kucha, bila kubana sana. Ukikuta maji asubuhi, umempata mwizi; soma swali la "ikiwaka hupiga 3" huko chini. Usilichanganye na bomba la plastiki la maji ya moshi uliopoa, ambalo kutoa maji ni kazi yake.

Kama kote ni kavu, yamebaki mawili. Mabomba yaliyo chini ya mbao za sakafu au ndani ya zege, ambayo hujionyesha kwa doa kwenye dari ya chini au sehemu ya sakafu yenye joto lisilo na sababu. Au boila yenyewe ndani. Fundi hutenganisha haya mawili kwa kufunga koki za boila upande wa rejeta na kuiacha usiku: sindano ikishuka hata hivyo, tundu limo ndani ya boila, ikisimama, liko nyumbani. Kabla hujakubali mtu avunje sakafu, uliza kama kipimo hicho kimefanyika. Kwa jirani yangu mmoja zulia lilifunuliwa chumba kizima, na mfuko wa nailoni wa senti chache ungemaliza kesi.

Nilitoa upepo kwenye rejeta ndipo presha ikashuka. Nimeharibu?

Hapana. Upepo nao ulikuwa umechukua nafasi. Ukiutoa, presha lazima ishuke. Ukimaliza kutoa, jaza tena hadi 1.2 kama ilivyoelezwa juu.

Upepo unarudi kwenye rejeta ileile kila baada ya wiki chache.

Huenda si upepo. Kutu inapokula chuma ndani ya maji yasiyo na dawa, hutoa haidrojeni, nayo hukusanyika juu kama upepo wa kawaida. Inawaka, kwa hiyo usisogeze kiberiti kujaribu. Mwambie fundi apime maji, asafishe, aweke dawa ya kuzuia kutu, na kama hakuna, afunge chujio la sumaku la kunasa lile tope.

Kuna dawa ya kumimina inayoziba matundu. Niitumie?

Zipo, na huziba vitundu vidogo sana. Mimi naziweka mwisho wa orodha, baada ya koki zote kukaguliwa na tungi kupimwa. Hazitengenezi valvu iliyochoka wala mpira wa tungi uliopasuka, na hizo ndizo sababu nyingi.

## Presha inayopanda

Ikipoa iko 1.2, ikiwaka hupiga 3, asubuhi iko sifuri.

Hili ni tungi la upanuzi, karibu kila mara. Upepo wake umetoka au mpira umepasuka. Maji yakivimba hayana pa kwenda, sindano inaruka hadi 3, valvu ya usalama inafunguka, lita kadhaa zinamwagika nje. Mfumo ukipoa maji yanajikunja, na sasa hayatoshi. Unajaza, na mzunguko unaanza upya. Ukijaza zaidi "ili isishuke" unaharakisha tu kumwagika.

Fundi atamwaga maji upande wa boila, apime upepo kwenye valvu ya tungi, na ajaze kwa pampu hadi kiwango cha mtengenezaji, kwa kawaida kati ya bar 0.75 na 1. Akibonyeza kidude cha valvu hiyo na maji yakatoka badala ya upepo, mpira umepasuka na tungi linabadilishwa. Mwombe aangalie na valvu ya usalama siku hiyohiyo. Ikishafunguka mara kadhaa, uchafu hukwama kwenye kiti chake na haifungi tena sawasawa. Utalipia tungi jipya na presha itaendelea kushuka.

Inapanda hata boila ikiwa imezimwa kabisa.

Maji ya kampuni yanaingia. Vua mpira wa kujazia na ufunge vifuniko. Sindano ikitulia siku mbili, koki ilikuwa inapitisha. Ikiendelea kupanda bila mpira, bamba la kubadilishia joto ndani ya boila limetoboka, na maji ya bombani, yenye presha kubwa zaidi, yanajipenyeza kwenye ya rejeta. Hiyo ni kazi ya fundi, na haina njia ya mkato.

## Hali za pembeni

Mimi ni mpangaji. Hili ni jukumu la nani?

Kwa England na Wales, sheria ya mwaka 1985 ya wenye nyumba na wapangaji, kifungu cha 11, inamtaka mwenye nyumba atunze vifaa vya kupasha nyumba na maji. Ukaguzi wa gesi kila miezi 12 pia ni wake, na unastahili kupewa nakala ya cheti. Kujaza mara moja kwa mwaka jifanyie tu, hakuna haja ya kesi. Ikijirudia, mpelekee ujumbe wa maandishi wenye tarehe na picha ya geji; simu haiachi ushahidi. Usizuie kodi kwa hasira kabla ya kupata ushauri wa kisheria, maana hapo shauri linakugeukia.

Boila yangu iko darini. Namba ni zilezile?

Zilezile, na hata hali yako ni nyepesi. Geji iko juu, kwa hiyo rejeta za chini zina presha zaidi ya unayoisoma, karibu bar 0.1 kwa kila mita. Ila usingoje ishuke hadi 0.3, kwa sababu boila iliyo kileleni ndiyo ya kwanza kukosa maji.

Presha ni 1.3, nje kuna barafu, boila inagugumia kisha inazima.

Siyo presha. Boila za kisasa hutoa maji ya moshi uliopoa kwa bomba la plastiki linaloishia nje, na katika baridi kali bomba hilo huganda na kuziba, kama ilivyotokea nchi nzima kwenye theluji ya Februari na Machi 2018. Limwagie maji ya uvuguvugu, siyo yanayochemka, kuanzia mwisho wake, kisha anzisha boila upya. Baadaye livalishe sponji ya mabomba.

Naenda Tanga wiki nne za Desemba. Nizime kila kitu?

Usizime. Bomba likiganda na kupasuka huku wewe uko Raskazone, maji yatamwagika hadi jirani ayaone. Jaza hadi 1.3 siku mbili kabla ya safari, siyo asubuhi ya kuondoka, ili uone kama inashikilia. Weka thamostati kwenye nyuzi 12 hadi 15. Soma mkataba wa bima, kwani mingi ina masharti kuhusu nyumba isiyokaliwa.

Na mwachie mtu ufunguo. Apite mara moja kwa wiki, aangalie dari, akutumie picha ya geji. Sindano nyeusi, mwambie, siyo nyekundu.